Kitabu cha mtumba kilichonifanya nitafute penseli

Tatizo la vitabu vya mtumba ni majalada. Vinakuja vimebanwa kwenye mafurushi pamoja na mashuka na viatu, vinamwagwa juu ya turubai, watu wanavikanyaga wakigombea jaketi, na mpaka ufike wewe kitabu kimebaki kama kuku aliyenyonyolewa. Changu nilikiokota Memorial, hapa Moshi, Aprili mwaka jana, siku ya matope. Nilikuwa nimefuata magauni ya harusi yaliyochakaa. Huwa nayanunua kwa bei ya kutupa, nayafumua mshono kwa mshono nione wenzetu walivyokata, na hiyo ndiyo shule yangu ya ushonaji mpaka leo. Kitabu kilikuwa chini ya gauni la tatu. Hakina jalada mbele, hakina jalada nyuma, na ukurasa wa kwanza una duara la kikombe cha chai. Kijana akasema elfu tatu. Nikampa elfu moja na mia tano na hakubisha sana.

Aliyekimiliki kabla yangu alikuwa mtu wa penseli. Kila ukurasa una mistari, alama za kuuliza pembeni, majina yamezungushiwa duara, na ndani kabisa kuna orodha ya watu kumi na sita, wengine wamekatwa, wengine wamekatwa kisha wakarudishwa. Nikajiuliza ni mtu gani huyu anasoma hadithi kama anasahihisha mitihani. Nilipofika kama ukurasa wa arobaini nikajikuta na mimi napapasa mezani natafuta penseli. Sikuipata, nikatumia chaki ya kushonea. Chaki ya kushonea imetengenezwa ifutike, na kweli kesho yake ushahidi wangu wote ulikuwa umehamia kwenye kiganja.

Zamani kwetu tulikuwa na vitabu vinne tu vya hadithi, vyote vya baba, na nilichokipenda kilikuwa Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichotoka mwaka 1960. Bwana Msa na kiko chake nilimpenda kama mjomba. Lakini Bwana Msa anaona mambo halafu anakaa nayo kifuani. Wewe msomaji unamfuata nyuma pamoja na rafiki yake Najum, mnatembea, mnashangaa, na mwishoni ndipo mnafunguliwa. Raha yake ni kufunguliwa. Hiki cha mtumba kilikuwa na raha nyingine: kila kitu kimewekwa mezani, na mwandishi amekaa pembeni anakutazama kama mwalimu wa hesabu, haya, fanya.

Aliyekiandika ni Mmarekani, Ellen Raskin, na kinaitwa The Westing Game. Haya niliyajua baadaye, nilipoandika sentensi yake ya kwanza kwenye simu. Kilitoka mwaka 1978, na mwaka 1979 kikapewa Nishani ya Newbery, ambayo ni heshima kubwa kwa vitabu vya watoto na vijana huko Marekani. Raskin alifariki mwaka 1984, akiwa na miaka 56. Ila kilichonichekesha peke yangu kibandani, hadi mteja akauliza kulikoni, ni kazi yake ya kwanza: mama huyu alikuwa mchoraji wa majalada ya vitabu. Inasemekana alitengeneza kama elfu moja. Elfu moja! Na mimi nakala yangu haina hata moja.

Mkasa wenyewe ni hivi. Tajiri wa viwanda vya karatasi, Sam Westing, anakutwa amekufa. Watu kumi na sita wanaitwa kusomewa wosia, wengi wao wakiwa wapangaji wa jengo moja la ghorofa kando ya Ziwa Michigan. Wosia unawaambia kwamba mmoja wao ndiye aliyemmaliza, na atakayepata jibu atachukua mali yote, dola milioni 200. Wanagawanywa wawili wawili, jozi nane. Kila jozi inapewa hundi ya dola 10,000 na bahasha yenye vipande vichache vya karatasi, na kwenye kila kipande kuna neno moja. Maneno ya jozi hii siyo ya jozi ile. Theluji inawafungia ndani, na mchezo unaanza.

Aibu yangu ya kwanza ilikuwa kwenye neno wosia. Kwa Kiingereza linaandikwa sawasawa na lile "will" la wakati ujao tulilokaririshwa shuleni, na mimi ndilo pekee nililokuwa nalijua. Kwa hiyo nilisoma kurasa mbili nzima nikingoja kitenzi. Westing atafanya... atafanya nini? Marehemu huyu! Nikadhani mpiga chapa amekosea, kisha nikadhani ni fumbo. Nilitoa kamusi ya TUKI chini ya boksi la vifungo, nikafungua, nikafunga, nikanywa maji.

Pale nilipokwama ndipo nilipokipenda kitabu hiki, na nadhani nitashindwa kulieleza vizuri kwa mtu aliyesoma shule za Kiingereza tangu chekechea. Kitabu kingine chochote cha Kiingereza, nisipoelewa, kosa ni langu. Naruka neno, najifanya nimeelewa, naendelea, kama mtu anayeitikia wimbo asioujua kanisani. Humu, watu waliozaliwa na Kiingereza chao wameshika karatasi ya maneno manne na hawaelewi. Jaji haelewi. Daktari anayejifunza upasuaji haelewi. Mwenye mgahawa anafoka. Kwa mara ya kwanza maishani nilisoma Kiingereza nikiwa pamoja na watu wasiokielewa. Na wao walikuwa wanakimbia juu ya maneno kwa sababu wanayajua, mimi nasimama kwenye kila neno kwa sababu silijui, na katika mchezo wa namna hii anayesimama ndiye anayeona.

Ile sentensi ya kwanza, kwa mfano. Inasema jua hutua magharibi, lakini jengo lile lenye jina la machweo linatazama mashariki. Mtu wa Chicago atatabasamu na kupita. Mimi niliisoma mara tano kwa sababu mambo ya mashariki na magharibi hayanikai kichwani. Huku kwetu kuna juu na chini basi: juu ni mlimani, chini ni tambarare, na ukimwelekeza mtu wa Moshi "upande wa magharibi" atakuuliza ni karibu na nani. Nikaitia sentensi ile alama ya chaki, ikafutika, nikaisahau. Siku nilipomaliza kitabu nilirudi nikaikuta imekaa pale pale mlangoni, imetulia, inanicheka. Zaidi ya hapo sisemi, maana kuna watu wataniomba kukiazima.

Nitamwaga fumbo moja dogo tu, naombeni radhi, kwa sababu bila hilo sina la kusimulia. Kuna binti wa miaka 13 anaitwa Turtle. Yeye na mwenzake walipata "sea", "mountain", "am" na "o". Turtle, anayependa mambo ya hisa, aliyachukua kama vifupisho vya makampuni na akaenda kununua hisa. Mimi niliona bahari na mlima. Mlima tunao, bahari iko Tanga. Wiki mbili nilikuwa nayapanga maneno yale juu ya kadi za kuzungushia lesi. Halafu ikaja kuonekana kwamba maneno ya jozi zote yametolewa kwenye wimbo mmoja wa kizalendo, America the Beautiful, ambao kila mtoto wa Kimarekani ameuimba. Raskin alianza kuandika mwaka 1976, nchi yao ikisherehekea miaka 200 ya uhuru, kwa hiyo namwelewa. Lakini nilikasirika. Mtu wa Pasua ataujulia wapi wimbo huo?

Dada yangu yuko Dar es Salaam, na yeye ndiye hupokea hasira zangu za usiku. Nilimweleza kwenye simu nilivyoonewa na Mmarekani aliyekwisha kufa, akawa anaitikia "enhe, enhe" huku anakaanga kitu. Binti yake, yuko kidato cha kwanza, akampokonya simu. "Mamdogo, kwani lazima uimbe wao? Si utunge la kwetu!" Yeye alikuwa ameshakisoma, nilikituma kwa basi mwezi wa nane. Mimi kilinichukua wiki saba na kamusi, yeye siku nne. Na alikuwa amempenda Turtle kwa sababu moja tu: mtu akimvuta msuko wake, anapigwa teke la muundi.

Onyo kwa mafundi wenzangu: ndani ya kitabu hiki kuna mmoja wetu. Anaitwa Flora Baumbach, anashona magauni ya harusi, anatabasamu hata pasipo na sababu, na ndiye aliyepangwa na Turtle. Sijawahi kukutana na fundi cherehani kwenye riwaya ya Kiingereza akiwa na kazi nyingine zaidi ya kuchukua vipimo na kutoka. Huyu amepewa huzuni yake, amepewa kimya chake, na amepewa mtoto mkorofi wa kumtazama. Halafu njoo usikie: Turtle anakata lile jina la ukoo, Baumbach, anamwita Baba. Mwanamke! Msomaji wa kwao haoni kitu hapo. Sisi tulicheka mpaka vocha ikaisha. Tangu siku hiyo binti wa dada yangu ananiita Baba, hata mbele za watu, na dada hajafurahishwa.

Lakini kuliko mafumbo, kilichonishika ni mirathi. Huku Kilimanjaro neno hilo halitamkwi kwa kucheka. Kihamba, kwa msiokijua, ni shamba la migomba na kahawa lenye nyumba ya ukoo na makaburi ya ukoo, na kwa mila ya Wachagga kinakwenda kwa wanaume: mkubwa anapewa pake mapema, kitindamimba wa kiume anabaki na nyumba ya wazazi. Sheria ina mambo yake, na Mahakama ya Mwanzo itateua msimamizi wa mirathi. Ila kabla ya mahakama kuna kikao cha ukoo, na kwenye kikao wazee wameshakaa.

Alipofariki baba, kikao kilikaa sebuleni, mimi na dada tukiwa jikoni na sufuria ya mtori. Sauti zilitufikia dirishani nusu nusu, neno hapa, neno pale, "upande wa mfereji", "mpaka kwenye msesewe", na sisi tukawa tunaunga sentensi kwa kukisia. Nilikuwa sijasoma kitabu hiki bado, lakini nikikumbuka leo naona tulikuwa tumeshika bahasha yetu. Mdogo wetu akapata kihamba. Hatuna ugomvi naye, Krismasi zote tunakula kwake na mke wake ni mtu mwema. Nasema tu kwamba niliposoma binti wa miaka 13 amekaa meza moja na jaji, ana bahasha yake, jina lake liko kwenye hundi, nilirudia kifungu kile.

Gauni la Krismasi la binti wa dada lilinichukua siku tatu, ambazo ni nyingi kwa gauni la mtoto. Kitenge cha rangi ya boga chenye majani meusi, mikono ya puto, marinda kiunoni, bitana ya bluu hafifu ndani. Mwenyewe alipolijaribu alizunguka mara mbili na kusema ni zuri ila linavuta kidogo upande mmoja. Nikamwambia ndiyo fasheni. Dada alinitazama. Dada naye ameshona zamani, anajua gauni langu halivuti.

Asubuhi ya tarehe 26 Desemba, Kibosho, ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba na Mlima haukuonekana kabisa. Watoto walikuwa wanane, wa familia tatu. Niliwapanga wawili wawili nikahakikisha hakuna ndugu wa tumbo moja waliokaa pamoja. Kila jozi ilipata bahasha na shilingi elfu mbili, zitumike kwa makubaliano ya wote wawili, kama ile hundi ya Westing. Nilitegemea wajadiliane. Jozi moja ilikuwa imeshafika dukani kwa Mangi na kurudi na ubuyu kabla sijamaliza kusoma masharti. Jozi nyingine iligombana mpaka jioni na ile elfu mbili ninayo mimi. Binti wa dada alipangwa na kijana wa miaka minane asiyesema sana. Alikataa, akalia kidogo, halafu akagundua kwamba mtu asiyesema anasikiliza.

UBGVUB DIJOJ ZB OEJAJ. Hiyo ndiyo karatasi waliyoanza nayo. Nilikuwa nimesogeza kila herufi hatua moja mbele, A ikawa B, B ikawa C, na Z ikazunguka kurudi kwenye A. Niliitunga usiku kwa mwanga wa simu na nilijiona jasusi. Nilipiga hesabu kwamba itawashughulisha mpaka saa sita mchana, mimi nipike machalari kwa nafasi.

Nilijivuna mapema. Hata moto haujashika vizuri, binti wa dada akaja mlangoni na karatasi. "Baba, maneno yako yote yanaishia B au J." Nikamwambia na wewe umeona mambo. "Kiswahili kinaishia irabu. Kila neno, mwishoni lazima a, e, i, o au u. Hapa mwishoni kuna B mbili na J mbili, kwa hiyo B na J ni irabu." Akachora mistari. B ni ya pili, kabla yake kuna A. J kabla yake kuna I. Akasogeza zote nyuma hatua moja, na lile neno fupi likawa "ya", na vingine vikafuata kama shanga zilizokatika uzi: tafuta chini ya ndizi. Yule mdogo asiyesema alikuwa ameshatoka mbio kuelekea kwenye mkungu. Sijui dakika ngapi. Kitunguu changu kilikuwa bado kibichi.

Irabu zimeniponza, lakini nilifurahi kuliko ningeshinda. Mtoto hakukifungua kile kifuli kwa ujanja wa kitabuni, alikifungua kwa lugha aliyonyonya nayo. Kiingereza maneno yake yanaishia popote, kwa hiyo mlango huo hakina. Na sisi hatujaanza leo. Nikiwa mdogo tulisema kinyume njia nzima ya shule, silabi ya mwisho unaileta mbele, kitabu ni bukita, ndizi ni zindi, mpaka mwalimu akatukataza. Muyaka bin Haji alifunga mafumbo Mombasa karne ya kumi na tisa, na watu wakajibizana naye kwa mashairi. Pwani hiyo hiyo wapo waliotunga tenzi ambazo kila ubeti unafunguliwa na herufi yake, alifu, be, te, hadi mwisho, ukishuka kwa mianzo tu unakuta alfabeti nzima imesimama wima pembeni. Hata kanga, ukimtumia jirani kwa jina lake, ni barua iliyofungwa. Mimi ni fundi. Napenda kitu ambacho siri yake imo kwenye mshono.

La wimbo ndilo nililolipenda kupita yote. Nilichukua wimbo wetu wa taifa, beti zote mbili, nikakata kila neno kwenye karatasi yake na kuyagawa kwa jozi nne, nikaacha neno moja tu. Wosia wa Westing unawaonya warithi kwamba cha maana si walichonacho bali wasichonacho, na mimi nikaufuata hivyo hivyo. Walipoona "ngao" na "hekima" wakajua mara moja. Ndipo wakasimama wote uani kuimba ili watafute pengo, mikono imenyooka, na mzee jirani aliyekuwa anapita na mkungu wa ndizi kichwani akasimama wima nao, akaimba hadi mwisho, akaendelea na safari. Pengo wakalipata. Ni "wake". Viongozi wake, watu wake. Wakaanza kutafuta kitu cha mtu fulani: miwani yake, kiti chake, fimbo yake. Saa nzima. Kijana wa mdogo wangu alipekua hadi kaburi la babu yake, kwa heshima, lakini alipekua.

Aliyelifumbua hakuwa kwenye mchezo. Mama yangu alikuwa kwenye kigoda anamenya ndizi, anawasikia wanapita na kurudi, wake, wake, wake. Kitabu hajakisoma, Kiingereza hajui. Akasema bila kuinua macho: "Kwani ubeti wa pili hamuimbi? Wake kwa waume. Wake ni sisi tulioko huku jikoni." Kimya. Halafu wakakimbilia chumbani kwake wote wanane, kwenye sanduku la kanga. Dada alinigeukia, na sufuria ikaungua kidogo.

Kipande kidogo cha kitambaa cha bluu hafifu, kimechomekwa sindano yenye uzi. Hicho ndicho walichokikuta juu ya kanga, na hicho ndicho kidokezo cha mwisho. Hakina neno hata moja. Walifungua droo zote za cherehani ya zamani ya mama, wakachomoa bobini, wakapindua ubao. Walipekua mapazia. Walipekua mito ya makochi, na hapo mke wa mdogo wangu akaingilia kati. Binti wa dada alikwenda akikimbia kila chumba, marinda yanapepea, akapita mbele yangu pengine mara ishirini, akachuchumaa, akainama chini ya kitanda. Giza likaingia bila zawadi kupatikana. Tarehe 28 wakapanda basi. Kitabu nilimrudishia, pamoja na penseli.

Ombi lake limekuja tena jana, kwa ujumbe wa sauti, nyuma yake ngoma na vigelegele, walikuwa kwenye sherehe ya ubatizo Kimara. "Baba, kimoja tu. Kidokezo kimoja. Sisemi kwa mtu." Nilimuuliza amevaa nini, akasema lile la kitenge, kwa nini? Nikamwambia nimeuliza tu. Dada naye nina neno naye dogo, pasi yake isiwe ya moto sana. Kuhusu kidokezo, nimekiandika, kimo humu. Namjua mtoto yule, hana subira na maneno mengi ya mama yake mdogo, kwa hiyo nimemruhusu asisome yote. Mianzo inatosha.